"Bosi, hiyo itazoea": spesa, shokapu za gesi na bushi za poli nyuma ya gari

Gari limetoka gereji, nyuma limeinuliwa, shokapu mpya zinang'aa. Linafika tuta la getini: ko. Fundi bado anafuta mikono, anajibu bila kuinua macho: "Bosi, hivyo ni vitu vipya, itazoea." Ni nadra kumpata mwenye gari Nairobi ambaye hajauziwa sentensi hiyo.

Yako mambo mawili tu yanayozoea. La kwanza ni hewa iliyonaswa ndani ya shokapu iliyokaa stoo ikiwa imelazwa. Hiyo hutulia baada ya mwendo mfupi, na fundi makini huitoa kabla hajafunga chochote. La pili ni springi mpya, ambayo hushuka milimita chache wiki za kwanza. Kelele nyingine haizoei. Wewe ndiye unayeizoea, huku tundu la bolti likizidi kupanuka.

Tathmini hii inahusu vitu vitatu vinavyouzwa sana Kirinyaga Road, Grogan na Industrial Area kwa ajili ya nyuma ya gari: spesa za kuinua springi, shokapu za gesi za kampuni nyingine badala ya zile gari lilizotoka nazo kiwandani, na bushi (vikombe vinavyokaa kati ya bolti na chuma) za poliyurethani, ambazo mafundi huziita poli. Hatuzipimi kwa urembo wala kwa urefu gari linavyosimama. Tunazipima kwa kelele: ipi inatoka kwenye kitu chenyewe, ipi inatoka kwenye mkono wa aliyekifunga. Ile ya pili ni nyingi kuliko ya kwanza, na hilo ndilo linalowaponza wenye maduka, kwa sababu vitu vizuri hurudishwa dukani vikiwa havina kosa.

Anza na nati za magurudumu. Si mzaha. Gari lililotoka kufunguliwa nyuma lilivuliwa magurudumu, na gurudumu lililolegea hugonga kwa sauti inayofanana kabisa na shokapu mbovu. Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutonimita (Nm) 103, na bunduki ya upepo haijui namba hiyo. Kaza kwa mkono, kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa chini.

Kisha toa kila kitu kwenye buti: spea, jeki, spana ya magurudumu, kizimamoto, zile pembetatu za dharura. Viti vya nyuma vinavyolala vibonyezwe mpaka kufuli lake lishike, kwa kuwa kufuli la kiti lililoshika nusu hutoa "ko-ko" ambayo imewafanya watu wengi wabadilishe linki (vijiti vya stebilaiza, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) zisizo na tatizo. Ekzosti ikiwa baridi, ishike uitikise. Mipira inayoining'iniza ikiwa imechanika, bomba litagonga boriti kila ukipita tuta. Bati la kukinga joto likilegea hutoa "chaka-chaka" nyembamba, ya bati, ambayo huja hata injini ikiwa inanguruma tu pale mlipoegesha. Gari likiinuliwa, vitu hivi hupata nafasi mpya ya kugongana, hivyo kelele inaweza kuwa imeletwa na kazi ile bila kuwa imetoka kwenye springi.

Baada ya hapo ndipo uliendeshe. Tafuta tuta moja, ulipite kwa kilomita 10 hadi 20 kwa saa, dirisha likiwa wazi, kando ya ukuta mrefu wa estate ili sauti ikurudie. Lipite mara ya kwanza magurudumu yote mawili ya nyuma yakipanda pamoja. Mara ya pili, pitisha gurudumu moja tu, jingine likae kwenye tambarare. Tofauti ya mipito hii miwili inafaa kuliko saa nzima ya kubahatisha. Magurudumu yakipanda pamoja, chuma cha stebilaiza huzunguka tu bila kujipinda, na linki zake hazipati kazi kubwa. Likipanda moja, chuma hujipinda na linki huvutwa. Kelele inayokuja kwa gurudumu moja na kupotea kwa mawili, anza na linki za stebilaiza pamoja na bushi zake. Barabara ya kabro ndani ya estate nayo ni kipimo kizuri, kwa sababu vimitikisiko vyake ni vidogo na vya haraka: linki iliyolegea itasema "ko-ko-ko" pale pale, wakati shokapu yenye tatizo la kufika mwisho itanyamaza kabisa mpaka ukutane na shimo.

Kuthibitisha, fungua linki zote mbili za nyuma, kulia na kushoto, uzifunge kwa waya mbali na gurudumu, upite tuta lile lile polepole. Kelele ikipotea, umempata mwizi. Usiende nalo Thika Road hivyo; gari bila stebilaiza hulala sana kwenye kona. Na usipime linki gurudumu moja likiwa juu ya jeki: chuma kinakuwa kimejipinda na kuibana, hivyo linki iliyokufa itaonekana imekaza. Pima magurudumu yote yakiwa chini, au yote mawili yakining'inia sawasawa. Wenye Vitz warukeni mtihani huu. Nyuma ya Vitz ni boriti moja inayojipinda yenyewe, na hakuna linki za kufungua.

Lugha ya kelele zenyewe ni rahisi kujifunza. "Ngo!" moja nzito gurudumu linapoanguka ndani ya shimo, si linapopanda, ni shokapu iliyovutika mpaka mwisho wake. Mshindo mzito wa "ndu" gari linapokaa chini, hasa likiwa na watu watano, ni raba ya kugongea, ile inayopokea pigo springi ikibonyea mpaka mwisho. "Tiing" kama waya wa gitaa uliokatika, unapokata kona ukitoka maegesho, ni koili ya springi inayoruka kwenye kiti chake. "Kwii" ndefu ni poli kavu, au raba iliyokazwa vibaya. Na "ko" fupi, kavu, inayojibu kila kijiwe, ni kitu kilicholegea: nati ya juu ya shokapu, linki, au bolti iliyoingia kwenye tundu kubwa kuliko yenyewe.

Sasa spesa, kwa sababu ndizo zinazonunuliwa sana na kueleweka kidogo.

Ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ile raba nene inayosukumwa katikati ya mizunguko ya koili bila kufungua chochote, dakika kumi kazi imekwisha. Usinunue. Hufunga mizunguko miwili isifanye kazi, mzigo wote ukahamia kwa iliyobaki, na springi ikawa ngumu bila wewe kutaka. Mchanga huingia kati ya raba na chuma, unasugua rangi, kutu inaanza pale pale ambapo chuma kinapinda zaidi. Kwa kelele, raba hiyo huzunguka, huteleza, na siku ikiruka inaacha springi ikigonga kwa ghafla. Urahisi wake ndio sifa yake pekee.

Ya pili ni duara la poli au plastiki ngumu linalokaa juu ya springi, kati yake na mwili wa gari, kwenye magari ambayo springi na shokapu zimetengana kama Vitz. Hii ni bidhaa halali, ikifungwa kwa akili. Kosa la kwanza: fundi huitupa ile raba ya asili iliyokuwa juu ya springi, akidhani spesa imechukua nafasi yake. Haijaichukua. Raba ile ndiyo inayozuia chuma kisiongee na bodi, na ndiyo yenye ngazi ambayo ncha ya koili hukaa. Spesa inaingia pamoja na raba, si badala ya raba. Ncha ya springi iguse ile ngazi au ikae karibu nayo sana. Ikizunguka robo duara, urefu wa kulia na kushoto hautalingana na "tiing" itaanza kila ukikata kona.

Kosa la pili ni la hesabu. Tuseme shokapu yako, gari likiwa limesimama, bado inaweza kujivuta milimita 70 kabla haijafika mwisho. Ukiweka spesa ya 30, umekula angalau 30 za hizo 70. Na kwa kuwa kwenye boriti za namna hii springi hukaa karibu zaidi na bawaba kuliko shokapu, shokapu hujivuta zaidi ya 30. Umebaki na chini ya 40, na mashimo ya Nairobi yanadai zaidi ya hapo. Ndiyo maana "ngo!" huja gurudumu linapoanguka. Shokapu haikutengenezwa iwe kamba ya kuzuia boriti isidondoke. Kazi hiyo ikiendelea, hung'oa bushi yake ya chini au huachia vali ya ndani. Dawa ni shokapu ndefu zaidi inayolingana na kimo kipya, au spesa nyembamba. Spesa ya 15 hadi 20 kwenye Vitz inatosha kuvuka matuta mengi ya estate bila kukwaruza, na inaiacha shokapu na nafasi ya kupumua. Ya 40 ni ya kupigia picha.

Njia ya kuhakikisha haihitaji mashine. Zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma, weka stendi mbili chini ya bodi mahali palipoimarishwa, acha boriti ining'inie. Stendi, si mawe ya ujenzi, hata kama jirani huyatumia. Shika springi kwa mkono ujaribu kuizungusha. Ikizunguka bure, haijabanwa, na barabarani itaruka. Ukiwa hapo hapo, angalia hosi ya breki na waya wa ABS. Vikiwa vimekaza kama uzi wa cherehani, kelele si shida yako kubwa tena.

Spesa ya tatu ni ya alumini, inayofungwa juu ya maunti ya shokapu, yaani kishikio chake cha juu, kwenye magari ambayo springi imezunguka shokapu, kama Subaru Forester. Imara ni imara. Lakini alumini tupu juu ya bodi iliyopakwa rangi na kujaa vumbi la murram hulia mlio wa kukwaruzana kila bodi inapopinda. Safisha mahali pa kukalia mpaka pawe laini, hakikisha hakuna uchafu chini ya ukingo, kaza nati kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kisha urudi kuzikaza baada ya kilomita kama 500. Kwenye Forester ya SH (kizazi cha tatu), iliyoanza mwishoni mwa 2007 na yenye amu mbili nyuma, yaani mikono ya chuma inayoshika gurudumu, shokapu hushika amu sehemu ya ndani kuliko gurudumu, kwa hiyo spesa ya 25 huinua gari zaidi ya 25. Wengi hununua ya 40 wakidhani watapata 40. Wanapata gari lililosimama kama mbuzi anayechungulia kisima, na shafti za nyuma zimepinda kupita kiasi.

Hapo kwa Forester kuna jambo linalostahili aya yake. Baadhi ya Forester za SG (kizazi cha pili) na SH zilizoletwa kutoka Japani zina shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe. Ndani yake kuna pampu inayotumia mtikisiko wa barabara kurudisha kimo gari likiwa na mzigo. Utazitambua kwa unene: mwili wake ni mnene kuliko wa shokapu ya kawaida. Kwa kuwa shokapu yenyewe hubeba sehemu ya uzito, kiwanda kiliziwekea springi laini. Pampu ikifa, mkia unashuka, gari linakaa kwenye raba ya kugongea, na kila tuta ni "ndu". Mwenyewe anashauriwa anunue spesa. Kimo kinarudi, picha inapendeza, lakini shokapu iliyokufa bado imekufa: gari linadunda, na wakipanda watu watano na magunia mawili ya viazi kutoka Kinangop, springi laini inalala tena mpaka kwenye raba. Wengine huweka shokapu za kawaida na kuacha springi zile zile laini. Matokeo ni yale yale, mkia chini, mshindo juu. Ukizitoa zile nene, unatoa na springi zake, unaweka shokapu za kawaida pamoja na springi za Forester isiyo na mfumo huo, vyote vinne kwa mara moja. Duka linalokuuzia shokapu za Forester bila kukuuliza swali hili halikufai.

Shokapu zenyewe. Jina linalotajwa zaidi kaunta ni KYB, na hata hapo watu huchanganya: Excel-G ni ya mirija miwili yenye gesi ya shinikizo dogo, Gas-A-Just ni ya mrija mmoja yenye gesi nyingi na ugumu zaidi. Gas-A-Just kwenye gari jepesi linalobeba mtu mmoja kila siku hukufanya usikie kila jiwe, na watu huuita ugumu huo kelele. Kwa matumizi ya mjini, Excel-G au mfano wake wa kampuni nyingine ndiyo sahihi. Kwa gari linalokwenda murram na mzigo, mrija mmoja unalipa.

Kabla ya kulipa, ifanyie shokapu kazi ndogo hapo hapo kaunta. Kata ukanda unaoibana, isimamishe wima, fimbo juu. Ya gesi itajifungua yenyewe polepole. Ibonyeze mpaka chini, iachie ipande au ivute mpaka juu, mara tano au sita. Mara mbili za kwanza ya mirija miwili inaweza kuwa na mahali patupu inapogeuza mwelekeo, kwa sababu ililala na hewa ikapita upande wa mafuta. Kufikia ya sita iwe laini, mwendo mzima, bila kuruka. Mahali patupu pakibaki, irudishe. Hiyo ndiyo "chaka-chaka" yako ya kesho. Kisha ziweke mbili sambamba: urefu sawa, unene wa fimbo sawa, namba iliyo kwenye mwili ilingane na ya kwenye sanduku. Sanduku peke yake si ushahidi, kwa kuwa sanduku tupu zuri nalo lina soko lake.

Kwenye kufunga, karibu kosa lote linakaa juu. Nati ya juu ya fimbo ikikazwa kwa bunduki ya upepo, fimbo huzunguka ndani, ikasugua sili na hata kulegeza nati ya pistoni. Shokapu hiyo itatoa "ko" ikiwa mpya kabisa, na hakuna anayeweza kuitibu. Fimbo hushikwa kwa alenki au spana kwenye ncha yake, nati ikakazwa kwa spana ya mkono. Haishikwi kwa koleo, hasa sehemu inayong'aa. Mkwaruzo mmoja pale unakata sili ndani ya wiki chache.

Halafu washa. Kwenye shokapu zenye raba mbili juu, mpangilio ni washa, raba, bodi, raba, washa, nati. Washa hizo zimebonyea kama kisahani, na upande uliobonyea, ule wa bakuli, hutazama raba ili uikumbatie. Ukigeuzwa, ukingo wa washa unakata raba na kugusa chuma. Ikisahaulika moja, raba inapenya tundu na nati inagonga bodi. Nati hukazwa mpaka ifike kwenye bega la fimbo, si mpaka raba ivimbe kama andazi. Kuna mafundi hukaza zaidi "isilegee", na raba iliyosagwa hivyo hupasuka mapema na kurudisha kelele ile ile waliyokuwa wakiikimbia.

Ukitaka kujua shokapu inasafiri kiasi gani, funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye fimbo, uisukume mpaka iguse mwili wa shokapu. Endesha njia yako ya kawaida, kisha upime ilipoachwa. Ikiwa imesukumwa mpaka kwenye raba ya kugongea, ile "ndu" ina maelezo. Shokapu zenye kifuniko cha vumbi haziruhusu hilo. Paka rangi nyeupe kwenye raba ya kugongea, na chini yake uangalie alama. Rangi hiyo hiyo, tone moja linalounganisha kila nati na chuma kilicho nyuma yake, itakuonyesha baada ya wiki ni bolti gani imezunguka. Chuma kinachogonga nacho hujitangaza: tafuta mahali palipong'aa katikati ya vumbi.

Sasa poli. Watu huzinunua kwa sababu hazichoki haraka kama raba, na hilo ni kweli. Ila raba na poli hazifanyi kazi kwa njia moja. Raba ya kiwandani imeshikamana na chuma cha ndani na cha nje. Amu ikipanda, raba inajipinda na kurudi. Poli haishikamani na chochote. Bomba la chuma lililo ndani yake ndilo linalozunguka ndani ya poli, kama mhimili. Kwa hiyo inataka grisi, na grisi ya silikoni, ile nzito inayonata inayokuja kwenye kipakiti. Ikikosa, au ikisombwa na maji ya Mei na nafasi yake ikachukuliwa na vumbi jekundu, "kwii" inaanza. Itarudi hata ukifunga vizuri, mara moja kwa mwaka au zaidi kwa wanaopita murram kila siku. Huo ni utunzaji wa poli, si ubovu wake, na asiyeutaka abaki na raba.

Pima bomba la ndani kwa vernia kabla ya kutoka dukani. Bolti ya 12 iingie kwenye bomba ikiwa na nafasi ya sehemu tu ya milimita. Bomba la 14 kwa bolti ya 12 litagonga kila ukifunga breki na kila ukitoka, na hakuna kiasi cha kukaza kitakachoinyamazisha milele. Urefu wa bomba nao: liwe refu kuliko poli kwa nusu milimita hadi moja. Likiwa refu hivyo, bolti hubana bomba na poli ikabaki huru kuzunguka. Likiwa fupi, bolti hubana poli, amu inakuwa ngumu, na chuma kinaanza kulia. Seti za bei ya chini huanguka hasa hapa, kwenye bomba lililokatwa ovyo, huku poli yenyewe ikiwa nzuri tu.

Ziweke wapi? Kwenye stebilaiza, sawa kabisa. Kwenye macho ya shokapu, yale matundu ya bolti kwenye ncha zake, sawa. Kwenye fimbo ya kando ya Prado, ile inayozuia aksili ya nyuma isiende kulia na kushoto, zinafaa pia, mradi bolti yake ikazwe sawasawa. Simama kando ya gari, lisukume bodi kushoto na kulia huku mwenzako akitazama bolti hiyo, na kama kuna kilegevu mtakiona kikiruka. Kwenye bushi ya mbele ya amu ndefu ya Subaru, hapana. Amu ile hupanda, hujisokota na kuyumba kwa wakati mmoja, raba inayaruhusu yote, poli inakubali kuzunguka tu. Ukiilazimisha, inapitisha kila mtikisiko ndani ya gari na kulia juu yake.

Na wanaobaki na raba wajue kosa kubwa kuliko yote ya gereji zetu: bolti za amu kukazwa gari likiwa juu, magurudumu yakining'inia. Raba inashikwa ikiwa kwenye mkao wa kuning'inia. Gari likishushwa, raba inakuwa imejipinda hata limesimama, na ikipita tuta inapindwa zaidi ya uwezo wake. Mwezi wa kwanza ni mlio, wa sita ni raba iliyochanika, na lawama inaenda kwa muuzaji. Kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda, uandike. Funga bolti kwa kulegeza, kisha ziache mpaka gari likae kwenye magurudumu yake juu ya shimo la gereji, au inua kitovu cha gurudumu kwa jeki mpaka kipimo kile kirudi, ukiongeza kimo kipya cha spesa kama ipo. Hapo ndipo zikazwe. Kama gari liko tayari na linalia, legeza bolti zote za amu za nyuma nusu mzunguko likiwa chini, litikise mara kadhaa, ukaze upya. Kelele nyingi zinazosemwa ni "springi mbaya" huishia hapo, bila kununua kitu. Kwenye Subaru, usiguse ile bolti yenye duara lenye mistari kabla hujaiwekea alama. Hiyo ni ya kurekebisha mkao wa gurudumu, na ukiisogeza unaenda kwenye alainimenti siku hiyo hiyo. Alainimenti inahitajika baada ya kuinua hata kama hukuigusa.

Neno kuhusu oili chafu ya injini ambayo hupakwa kwenye bushi "zinyamaze". Zinanyamaza, siku tatu. Oili huivimbisha raba na kuilainisha mpaka itoke kwenye chuma chake. Fundi akija na chupa hiyo, mwambie "asante mzee, hapana."

Hilux na wenzake wa springi za bapa wana shida chache na za wazi: bolti za U na bushi za pingu, vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi. Springi mpya za bapa zikifungwa, bolti za U zikazwe upya baada ya kilomita 500 hadi 1,000, kwa kuwa mabapa hujipanga na nafasi hutokea. Hilux na Prado za zamani zenye vali ya breki inayofuata mzigo, fimbo yake ya nyuma irekebishwe baada ya kuinua, la sivyo gari litadhani halina mzigo hata likiwa limejaa.

Tukirudi kwenye manunuzi: spesa nyembamba ya poli inayokaa juu ya springi pamoja na raba yake ya asili, ndiyo. Ya alumini kwa Forester, ndiyo pia, ikiwa ya 25 au chini na shokapu zikiwa nzima. Shokapu za mirija miwili zinunuliwe jozi, na maunti mpya pamoja na raba za kugongea kwa wakati huo huo, kwa sababu kufungua tena kwa ajili ya raba ndogo ni kulipa fundi mara mbili. Poli kwenye stebilaiza na macho ya shokapu, zenye bomba lililopimwa. Za amu, raba ya kiwandani.

Na mwambie fundi akurudishie kila kitu alichotoa, kwenye mfuko, kabla hujalipa. Uhesabu: raba za juu, washa za kisahani, mabomba ya ndani, raba ya juu ya springi. Ukiikuta ile raba ya springi ndani ya mfuko na hakuna mpya iliyowekwa, mwambie alirudishe gari kwenye stendi kabla hajakunja spana zake.